"Huyu hata hasikii, atajulia wapi baba yake amelewa": dhana potofu kuhusu ADHD na mzazi anayekunywa

Wiki iliyopita nimeisikia tena, na miaka yote niliyofanya kazi na vijana wenye ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia na kuongoza umakini wake) sidhani kama umepita muda mrefu bila kuisikia. Mama kakaa mbele yangu, nimemuuliza taratibu kama kuna mtu anakunywa pale nyumbani, akasema ndio, baba watoto anakunywa karibu kila siku, alafu akapunga mkono kama anafukuza nzi: "lakini huyu hajui daktari, huyu kitu unamwambia mara tatu hasikii, atajulia wapi mambo ya baba yake?" Na mtoto mwenyewe yupo hapo hapo, kiti cha pembeni, anachezea zipu ya begi.

Nimeamua niandike maana kumweleza mzazi mmoja mmoja naona hakutoshi.

Dhana: ana shida ya umakini, kwahiyo ulevi wa nyumbani unampita

Hii ndo inaniuma kuliko zote. Jina la ADHD linatupotosha sana, watu wanadhani umakini haupo kabisa. Umakini upo, kinachosumbua ni usukani: kuupeleka pale unapotakiwa, kuushikilia kwenye kitu kisichovutia kama jedwali la kuzidisha, na kuutoa kwenye kitu kinachoshtua. Sasa niambie, kwenye nyumba yenye mlevi kuna nini zaidi ya vitu vya kushtua?

Nilimwomba mama atoke kidogo nikabaki na yule kijana, ana miaka 11. Nikamuuliza unajuaje baba akirudi amekunywa. Hakufikiria hata sekunde, akasema funguo. Ikiingia kwenye tundu mara ya kwanza baba yuko sawa, ikikwaruza kwaruza mlangoni kwanza amelewa, na ikikwaruza alafu pakawa kimya basi amelewa sana na amekaa chini hapo nje. Alafu viatu, akivivua mlangoni hakuna shida, akiingia navyo mpaka ndani "namchukua mdogo wangu namleta kitandani kwangu." Alafu jina, akimwita kwa jina lake lote ni vibaya, akimwita "mzee wangu" amekunywa kidogo ana furaha, ila hiyo furaha haikai. Alinipangia yote kwa mpangilio bila kuruka kitu, na huyu ndo mtoto ambaye ripoti yake ya shule inasema hawezi kufuata maelekezo ya hatua tatu.

Huyo anasikia jamani. Anasikia kupita kiasi, na ndo tatizo lenyewe. Kumbukumbu ya muda mfupi, ile ya kushika namba kichwani wakati unapiga hesabu, kwa watoto wengi wa ADHD ni finyu tangu mwanzo, na yake nusu imekaliwa na mlango. Unamkuta saa 2 usiku na homuweki mbele yake, kalamu mkononi, macho kwenye daftari, masikio yote yapo nje. Ukimgombeza kwamba hajaandika kitu unamgombeza kwa kitu ambacho hata wewe mtu mzima usingeweza kukifanya katika hali ile. Alafu halali mpaka baba alale. Usingizi mchache peke yake unamfanya mtoto yeyote awe msahaulifu, mwenye hasira za karibu na asiyetulia, je huyu ambaye tayari ana ADHD?

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawaliunganishi kabisa. Sisi tukimtibu mtoto wa ADHD, ukiacha dawa, kazi kubwa ni kuwafundisha wazazi utaratibu: kanuni chache, zilezile kila siku, sifa papo hapo akifanya vizuri, adhabu ndogo inayojulikana akikosea. Mzazi anayekunywa anavuruga hapo hapo. Jumatatu mtoto kamwaga maji wanacheka wote, Jumatano kamwaga maji yale yale kapigwa. Mtoto hajifunzi chochote kuhusu maji, anajifunza kuchungulia uso wa baba. Na ahadi ndo mbaya zaidi. Watoto hawa kusubiri ni mzigo kwao kwa asili, ukimpa kuchagua kidogo sasa au kikubwa baadae wengi wanachukua cha sasa, kwahiyo kazi yetu ni kumwonyesha pole pole kwamba kusubiri kunalipa. Baba kalewa Ijumaa kaahidi mpira, Jumamosi kaamka hakumbuki kama alisema. Mara kumi hivyo, mtoto kashapata somo lake, chukua sasa kabla hakijapotea. Alafu mnamleta kwangu mnaniambia hana subira.

Ndo maana wazazi wote nawaambia hivi, hata yule ambaye hayuko tayari kuacha leo: ukishakunywa usimwahidi mtoto kitu, usimkague homuweki, usimpe adhabu. Yasubiri asubuhi. Na yule mzazi mwingine, au bibi, au shangazi, au kaka mkubwa, achague kitu KIMOJA kisichomtegemea mlevi kabisa, mfano begi la shule linapangwa kabla ya chakula cha jioni na linakaa sehemu moja kila siku, awe amekuja mtu au hajaja. Wazazi wanaona kitu kidogo mno, wanataka ratiba kubwa ya kubandika ukutani. Ratiba hiyo itavunjika siku ya tatu. Anzeni na begi.

Dhana: ulevi wa baba ndo umemletea ADHD

Hapana. Tafiti za mapacha zinaonyesha tofauti kati ya watu kwenye ADHD kwa asilimia 70 hadi 80 inatokana na vinasaba. Tena mara nyingine nikikaa na huyo baba anayekunywa nikamuuliza utoto wake, naona ADHD ambayo hakuna aliyewahi kuipima, mtu kahangaika nayo miaka 40 na pombe ndo kaifanya dawa. Pombe wakati wa ujauzito ni habari nyingine, hiyo inaweza kuharibu ubongo wa mtoto na kuleta shida za umakini zinazofanana sana na ADHD, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kama ilitokea tuambieni tu, hatuulizi ili tuhukumu.

Dhana: basi sio ADHD, ni stresi za nyumbani tu

Inaweza kuwa stresi tu, inaweza kuwa vyote viwili, na hiyo haijulikani kwa kumwangalia mtoto dakika kumi. Mwongozo wa DSM-5, kile kitabu ambacho madaktari wanakitumia kutambua magonjwa ya akili, unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12 na zionekane sehemu mbili au zaidi, sio nyumbani peke yake. Kwahiyo tunauliza alikuwaje kabla pombe haijazidi, shule wanasema nini, akienda kukaa kwa ndugu likizo anakuwaje.

Dhana: dawa za ADHD zitamfanya awe mlevi kama baba yake

Tafiti zilizofuatilia vijana kwa miaka hazijaona kwamba kutibiwa na dawa kama Ritalin utotoni kunaongeza ulevi ukubwani. Hatari ipo kwenye ADHD yenyewe, na kwenye kuanza pombe mapema, Marekani waliangalia wakakuta walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mara 4 hivi wa kuwa tegemezi wa pombe kuliko walioanza na miaka 21 au zaidi. Ila dawa zifungiwe na zihesabiwe, nyumba yenye mtu anayetafuta kilevi sio nyumba ya kuacha vidonge juu ya friji.

Dhana: utundu wake ndo unamfanya mama yake anywe

Miaka ya 1990 watafiti William Pelham na Alan Lang waliwaweka watu wazima na watoto waliofundishwa kuigiza utundu wa ADHD, na waliokaa na "mtundu" walikunywa zaidi baadae. Kwahiyo uchovu wa mzazi ni wa kweli, naukubali kabisa na unahitaji msaada. Lakini chupa inanyanyuliwa na mkono wa mtu mzima. Kijana wa miaka 14 akiambiwa yeye ndo sababu anaamini, maana kila siku anaambiwa yeye ni sababu ya kila kitu.

Dhana: baba akiacha leo, kesho mtoto ametulia

Kwanza mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatishe ghafla peke yake nyumbani, anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na watu wanakufa hivyo. Aanze kwa daktari. Pili mtoto ataendelea kusikiliza funguo miezi mingi, mwingine anakuwa mtundu zaidi kwanza kwa sababu sasa hivi ndo kaona kuna mtu wa kumsikia. Msikasirike nae. Na tukiwapangia siku ya kurudi kliniki mje wote, pamoja na baba, na mtueleze ukweli kama amekunywa tena, maana saa ya dawa, nani ataishika na nani atakaa na homuweki, vyote tunavipanga kwa kuangalia hilo.