Mtumba wa chuma hadi Kilwa: ninavyoiandaa baiskeli ya mlima kwa safari ndefu

Kabla sijauliza bei naipiga ukucha. Kwanza katikati ya bomba la juu, kisha karibu na kiungo. Mlio ukiwa mwembamba katikati, kama wa kengele, halafu ukawa mzito pembeni, basi bomba hilo limevutwa jembamba katikati na kuachwa nene pale linapochomelewa. Hakuna anayehangaika hivyo na chuma cha bei rahisi. Mara nyingi ni chuma chenye kromu na molibdeni, na lebo ikiwa haijabanduka utaona namba 4130. Sumaku haisaidii hapa, kwa sababu inanasa chuma chochote. Itakwambia tu kwamba si alumini. Wauzaji wa mitumba kule Ilala wameshanizoea. "Kaka," aliniambia mmoja, "unanunua baiskeli au unanunua ngoma?"

Ninazozitafuta ni baiskeli za mlima zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Stumpjumper ya kampuni ya Kimarekani ya Specialized, iliyotoka 1981, ndiyo iliyoanza kuuzwa kwa wingi, na kwa miaka kumi na kitu iliyofuata karibu zote zilikuwa na umbo hilohilo: foku ya mbele (uma unaoshika gurudumu) isiyo na springi, sehemu ya nyuma ndefu, na mara nyingi vitundu vya skrubu vya kufungia keria. Springi zilipoingia, fremu zikabadilika. Ukichukua fremu iliyopangiwa foku ndefu ya springi ukaifunga foku fupi ya kawaida, pua ya baiskeli inashuka, pedali zinakaribia ardhi na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kwa mtu mwenye mzigo wa kilo 20 hilo si jambo dogo.

Kitu cha pili ninachojaribu palepale sokoni ni bomba la siti. Likizunguka, tunaendelea kuongea. Lisipozunguka, bei inashuka au naondoka. Bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma, kwa upepo huu wetu wa chumvi, hushikana kama ndugu. Hii ya sasa niliinunua kwa tamaa hivyohivyo, imekwama. Nililoweka mafuta ya kulegezea kutu siku tatu, nikaigeuza fremu kichwa chini, nikalibana bomba kwenye jiriwa na kuizungusha fremu nzima kama usukani wa lori. Ikatoka na kelele iliyowatoa majirani nje. Kostiki soda nayo huila alumini bila kugusa chuma, lakini hula na ngozi na macho. Hiyo naiacha iwe ya mwisho kabisa. Bomba likishatoka, namimina mafuta mazito ndani ya mabomba yote, nazungusha fremu yafike kila kona, na nahakikisha kuna kitundu cha kutolea maji chini kwenye ekseli ya pedali. Fremu za pwani huliwa kutoka ndani.

Sasa gurudumu la nyuma, na hapa ndipo pesa yangu inapoishia. Kanuni yangu ya safari ni kwamba kila kitu kwenye baiskeli lazima fundi wa barabarani aweze kukitengeneza. Kuna kitu kimoja tu ninachokivunjia kanuni hiyo: habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Baiskeli nyingi za zamani zina friwili, yaani meno ya nyuma yanayokazwa kwenye habu kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Gia zinapoongezeka kuwa sita au saba, friwili inanenepa, na gololi za upande wa kulia zinabaki ndani kabisa, mbali na fremu. Kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina kinachokishikilia, na uzito wote wa mizigo unakikunja kila unapopita shimo. Yangu ilikatika kati ya Bungu na Kibiti, mwaka juzi. Nilisukuma baiskeli chini ya mikorosho hadi nikampata mzee mmoja mwenye benchi na boksi la spana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaichomoa ekseli, akaitazama, akacheka. Alikuwa nazo za baiskeli aina ya Phoenix, lakini kwangu zilikuwa fupi. Nilirudi Dar nimekaa juu ya magunia ya mkaa.

Habu ya kaseti, ndiyo hiyo ninayoivunjia kanuni, ina sehemu ya kuzunguka ndani yake yenyewe na meno huvishwa juu yake; inaziweka gololi za kulia nje kabisa, karibu na fremu, kwa hiyo ekseli haina nafasi ya kukunjika. Kuzitofautisha sokoni ni rahisi: zungusha meno ya nyuma kinyumenyume huku ukitazama pale spana inapoingia. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia meno yakizunguka peke yake, ni friwili. Pima pia nafasi kati ya midomo ya fremu inayoshika ekseli. Nyingi za miaka hiyo ni milimita 130 au 135.

Ringi nachagua yenye spoku 36. Spoku hazikatiki kwa uzito peke yake. Zikiwa zimelegea, kila mzunguko zinalegea na kukaza tena, mpaka chuma kinachoka pale kwenye kona karibu na habu. Kwa hiyo nazikaza sawasawa, halafu nazishika mbilimbili zinazoenda sambamba na kuzibana kwa nguvu za mikono. Utasikia zinalia; ndiyo zinakaa mahali pake. Narudia kunyoosha ringi mpaka kelele iishe.

Kwenye tairi kuna mtego ambao huwanasa hata watu wazima. Ukimwambia muuzaji "tairi ya ishirini na sita" anaweza kukupa ile ya baiskeli za Kijapani zenye kikapu, iliyoandikwa 26 x 1 3/8. Hiyo ringi yake ni milimita 590. Yetu ni 559. Haiingii, hata umtukane nani. Soma namba ndogo ubavuni: 47-559 inafaa sana kwa lami iliyochanganyika na vumbi, na tyubu zake zenye valvu kama ya gari unajaza upepo hata kwa mziba pancha wa pikipiki.

Gia sibishani nazo. Mbele meno 22, nyuma 32, na kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 1.4, mwendo wa mtu anayetembea na mwenye pumzi. Breki angalia jambo moja: zile za mikono mirefu zilizoletwa 1996 zinahitaji waya uvutwe zaidi, kwa hiyo ukizifunga, badilisha pia mikono ya kwenye usukani, la sivyo itagonga usukani kabla baiskeli haijasimama.

Keria nilitengenezewa Gerezani kwa nondo ya milimita 8. Zilitumika kama mita 3.5, ikawa na uzito wa kilo 1.4 hivi. Ni nzito, lakini ikikatika Nangurukuru kuna mtu wa kuichomelea. Fremu yenyewe simruhusu mtu aiguse kwa mashine ya umeme. Mabomba yale ni membamba na moto mkali unayatoboa au kuyadhoofisha. Pasipo na kitundu cha skrubu nafunga klampu yenye mpira.

Mwezi uliopita niliipeleka Kilwa Masoko kwa siku nne: nikapita Mbagala alfajiri kabla ya daladala, nikavuka Daraja la Mkapa siku ya pili, nikalala Somanga. Ekseli imenyooka, na spoku zote 36 zipo. Shida iliyobaki ni visigino. Kutoka ekseli ya pedali hadi ya gurudumu fremu hii ina sentimita 42.5, na viatu vyangu ni namba 45, kwa hiyo kisigino cha kulia kilikuwa kinalipiga begi njia nzima. Jumamosi nairudisha keria Gerezani wanisogezee ndoano za kuning'inizia mabegi sentimita 3 nyuma.