Mafua ya kipupwe: fungueni madirisha ya madarasa

Kila mwaka Juni inapoingia na ukungu ukaanza kutanda Njombe na Makete, wazazi huniletea maelezo yale yale: mtoto alikwenda shule bila sweta, baridi ikamwingia kifuani, sasa ana nimonia, naomba antibiotiki. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka, na sasa naliandika, kwa sababu imani hiyo inawaponza watoto.

Mafua huletwa na virusi, na virusi hivyo mtoto huvipata kwa mtu mwingine. Kinachobadilika wakati wa kipupwe ni namna tunavyokaa. Ingia darasani saa mbili asubuhi mwezi Julai: madirisha yote yamefungwa, vioo vimelowa mpaka maji yanachuruzika, watoto watatu wamebanana kwenye dawati moja, na mmoja wao anakohoa. Maji yale ni pumzi zao. Hewa anayovuta huyu imekwisha kupita kwenye mapafu ya mwenzake. Mwalimu amefunga kwa huruma, lakini madirisha mawili yanayotazamana yakiachwa wazi kidogo, hewa hubadilika, na kazi ya kuwapa watoto joto hubaki kwa sweta na soksi. Mabweni yananitia wasiwasi zaidi, maana hufungwa usiku kucha. Na likiingizwa jiko la mkaa humo, tunaacha kuzungumzia mafua na kuanza kuzungumzia gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Sidai kwamba baridi haina mchango wowote. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba virusi vya rhino, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua, huzaliana vizuri zaidi katika nyuzijoto 33, joto la pua iliyopoa, kuliko katika 37 za ndani ya mwili. Kwa hiyo bibi anayesisitiza sweta ana hoja. Hoja hiyo haitoshi tu kufunga madirisha.

Antibiotiki haziui virusi. Nakiri kwamba mbele ya mtoto mwenye homa na kikohozi, mara nyingi sina kipimo cha papo hapo cha kutenganisha nimonia ya bakteria na ya virusi, ndiyo maana nikiona dalili za nimonia huandika amoksilini, ambayo ni antibiotiki, bila kusubiri. Lakini makamasi ya kijani si dalili hiyo. Rangi ile hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na huonekana hata katika mafua ya kawaida kabisa. Naomba sana mzazi asimpe mtoto vidonge vilivyobaki tangu mwaka jana.

Tazama pumzi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akiwa ametulia, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, apelekwe kituo cha afya. Aliye mkubwa zaidi umwangalie mbavu zinapobonyea ndani, pua inapotanuka, au anaposhindwa kumaliza sentensi. Huyo apelekwe saa hiyo hiyo, hata usiku.

Kikohozi cha mafua huweza kubaki hata baada ya homa kwisha. Kikifika wiki mbili, hasa mtoto akiwa amepungua uzito, apimwe kifua kikuu, pamoja na wanaoishi naye nyumba moja.