Kava jeupe kwenye gitaa la zamani

Mwezi Mei mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Tukuyu aliniletea hapa Mbeya gitaa la umeme lenye pikapu tatu, vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi, gitaa lililopigwa ibadani na harusini kwa zaidi ya miaka 30. Kava la pikapu ya katikati lilikuwa limepasuka. Alinunua jipya, akalipachika mwenyewe, likakaa vizuri kabisa. Lakini yale mawili ya pembeni yalishakuwa na rangi ya samli, na hili la katikati jeupe pe.

“Fundi, kila nikilitazama naona jino la bandia. Huwezi kulifananisha na wenzake?”

“Naweza, Mwalimu. Niachie wiki mbili.”

Alishangaa. Alidhani ni kazi ya kopo la rangi na nusu saa. Kazi za kopo na nusu saa nimezipokea nyingi mezani kwangu: rangi ya krimu imepakwa, inang'aa kama kigae cha bafuni, na baada ya miezi michache piki, kile kibamba cha kupigia nyuzi, imeichubua pale mkono unapopita, weupe ukaanza kuchungulia. Plastiki iliyozeeka rangi yake imeingia ndani, haikukaa juu kama koti. Tena manjano hayo huandamana na mng'ao uliofifia na uchafu uliojibana kwenye mifereji. Ukiiga kimoja ukaacha vingine, mtu ataona kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni kipi.

Makava na vinobu (vile vifundo vya kuzungushia sauti) vingi vya magitaa ya siku hizi ni plastiki ya ABS. Ndani yake mna butadiini, sehemu yenye tabia ya mpira inayoifanya isipasuke ovyo, na hiyo hiyo ndiyo inayoiponza. Miale ya urujuanimno ya jua ikishirikiana na oksijeni huishambulia, na matokeo yake ni yale manjano. Moshi wa sigara wa kumbini, jasho na mafuta ya mikono huongeza ukahawia juu yake. Ndiyo maana uzee haushiki sawasawa. Fungua pikigadi, lile bamba la plastiki linalofunika uso wa gitaa, la gitaa la zamani utazame ukingo wa kava uliokuwa umefichwa chini: utaukuta bado mweupe, maana jua halikuwahi kuufikia.

Kabla ya kugusa chochote, jua una plastiki gani mkononi. Stratocaster za kwanza, magitaa ya umeme ya kampuni ya Fender ya Marekani, za kuanzia 1954, zilikuja na makava na vinobu vya polistairini, ambayo mafundi wengi huiita bakelaiti ingawa si bakelaiti. Ni ngumu lakini hukatika pembeni kirahisi, na ukiiangusha juu ya meza hulia kwa sauti kali karibu na ya chuma. ABS hulia kwa sauti butu. Kisha kuna seluloidi, iliyotumika kwenye pikigadi za tabaka tatu za Fender kuanzia 1959 hadi katikati ya miaka ya 60. Hiyo ukiisugua kwa msasa hutoa harufu ya kafuri, na hushika moto haraka mno, kwa hiyo usiijaribu kamwe kwa kiberiti wala sindano ya moto. Uzee wake nao ni wa namna nyingine: hugeuka weupe wenye kivuli cha kijani. Anayeipika kwenye chai pikigadi ya mtindo huo ili ionekane ya kale anaipeleka kwenye rangi isiyo yake. Pikigadi nyingi za bei nafuu tunazoletewa sasa ni PVC, ndugu wa mabomba yetu ya maji.

Hili la PVC nilijifunza kwa hasara. Miaka yangu ya mwanzo nilitumbukiza pikigadi mpya ya mteja kwenye sufuria iliyokuwa bado inatokota, nikaenda kumhudumia mtu mlangoni. Niliporudi ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi, na maji yanayotokota hapa Mbeya yanafika kama nyuzi 94, kwa kuwa mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. ABS huvumilia zaidi, inalegea karibu na nyuzi 105, lakini kava ni jembamba na limebanwa kwenye kalibu kiwandani. Likipata moto mwingi hujipinda hata kabla ya hapo, na likishajipinda halirudi kwenye pikapu. Tangu siku ile sipiti nyuzi 70, na kipimajoto hakitoki kwenye sufuria.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Kava hutolewa kwenye pikapu kwanza, kisha linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki mpya mara nyingi huwa na utando wa mafuta ya kalibu, na penye mafuta chai haishiki. Kisha nauvunja mng'ao. Natumia msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, nikifuata njia ambayo mkono wa mpigaji ungepita: juu ya kava, kwenye kingo zilizo upande wa nyuzi nyembamba, na kidogo sana kwenye mabega. Pembeni chini siligusi. Wapo wanaotumia stilwaya laini, na inafanya kazi nzuri, ila chembe zake za chuma hung'ang'ania sumaku za pikapu na kuzitoa ni adhabu. Ukiitumia, fanyia nje, mbali na gitaa, na ufute kava mara mbili kabla ya kulirudisha.

Sasa chai. Lita moja ya maji, vijiko sita vikubwa vya majani ya kawaida ya Rungwe au Mufindi, yachemke dakika kumi, chuja vizuri. Acha yapoe hadi nyuzi 70 ndipo utumbukize kava, likiwa limening'inizwa kwa waya ili lisiguse chuma cha chini ya sufuria. Chai hutoa rangi inayoelekea wekundu wa machungwa. Kahawa hutoa kahawia iliyokolea. Uzee wa kweli wa ABS uko katikati, karibu zaidi na manjano. Kwa hiyo mimi huanza na chai kwa saa mbili au tatu, nikilitoa kila robo saa, halafu nalimalizia kwenye kahawa ya Mbozi iliyosagwa kwa dakika chache tu. ABS hainywi chai kama inavyonywa nailoni. Inachoshika ni kwenye ngozi yake ya juu, hasa pale msasa ulipopita, na hilo ni jambo jema, kwa sababu palipochakaa ndipo panapokolea, kama ilivyo kwenye uzee wenyewe. Ukitaka kuona chai inavyoingia kweli, weka kipande cha mfupa wa ng'ombe, kile cha kushikilia nyuzi juu ya shingo. Dakika ishirini na utaapa kimetoka kwenye gitaa la babu.

Kulinganisha rangi hufanywa nje, kivulini, mchana, kava likiwa kavu. Plastiki iliyolowa huonekana imekolea kuliko ilivyo, na taa ya ndani, hasa ile ya manjano, itakuambia umefika wakati bado uko njiani. Kava la Mwalimu nililitoa mara tisa. Mara ya sita nilidhani tumemaliza, nikalipeleka uani, nikaona bado ni mtindi mbele ya samli.

Watu wengi hunishauri bizari ya manjano. Najua inavyoshika, kila mama mwenye bakuli la plastiki jikoni anajua. Lakini rangi ya bizari haivumilii mwanga. Kiweke kipande dirishani siku chache na utaona inavyokimbia, na itakimbia kwa mabaka. Rangi za nguo za pamba zinazouzwa sokoni nazo hazifai hapa: zimetengenezwa zijishike kwenye pamba, na kwenye ABS hazina pa kujishikia, unaziosha zikatoka zote. Rangi inayoingia kweli ndani ya plastiki ni ile ya nguo za poliesta. Ukiipata, tumia manjano na kahawia kidogo, na ujaribu kwanza upande wa ndani wa kava, kwa sababu ikishaingia haitoki. Chai ina huruma hapo. Umezidisha? Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, iliyochanganywa na maji mengi, itakupunguzia.

Na jua lenyewe je? Huku kwetu juu miale ya urujuanimno ni mikali kuliko pwani, na miezi ya Juni hadi Septemba mbingu ni safi na baridi hulinda plastiki isijipinde. Nimewahi kuacha kava juani kiangazi kizima, nikiligeuza kila Jumapili. Liligeuka, lakini kidogo, hatua moja tu kutoka nyeupe kwenda krimu. Hata hivyo manjano yale ndiyo ya kweli kuliko yote niliyowahi kupata, na kwa mtu asiye na haraka namshauri aanze hivyo: jua kwanza, chai baadaye. Weka nje, si nyuma ya kioo cha dirisha, kwani kioo huzuia sehemu kubwa ya miale inayofanya kazi.

Uchafu wa mifereji ni kazi fupi. Kwenye vinobu vyenye namba, napaka dawa ya viatu ya kahawia, nangoja dakika mbili, nafuta kwa kitambaa kikavu, na kinachobaki ndani ya namba kinatosha. Nyeusi usitumie, hutoa mstari mkali kama wa kalamu.

Mwisho rangi hufungwa, la sivyo jasho la mpigaji litaiondoa taratibu. Natumia laka isiyo na mng'ao, kwa kupuliza kama ukungu, tabaka mbili nyembamba, nikingoja ya kwanza ikauke kabisa. Ukiimwaga nyingi, tina iliyomo itaila plastiki, hasa polistairini, na asetoni huyeyusha ABS na polistairini zote mbili. Asiye na kipulizio atumie nta ya samani. Haidumu kama laka lakini haiharibu.

Kuna jambo moja silifanyii mzaha. Sehemu asili za Stratocaster zilizotengenezwa kabla Fender haijauzwa kwa kampuni ya CBS mwaka 1965 huuzwa ghali sana, hata moja moja, na wapo wanaozeesha kava jipya ili waliuze kama la 1960. Mteja akinitajia hivyo, kazi yake siipokei. Kuzeesha sehemu mpya ili gitaa lipate sura yake ni ukarabati, na Fender wenyewe wamekuwa wakiuza magitaa yaliyochakazwa makusudi tangu 1995, wakisema wazi kuwa ni mapya. Kwa hiyo ndani ya kila kava ninalozeesha, upande usioonekana, nachora kwa sindano mwaka na neno “jipya”.

Mwalimu alikuja siku ya kumi na sita. Nililaza gitaa juu ya meza karibu na mlango, kwenye mwanga wa uani. Aliinama, akagusa kava la kwanza, la pili, la tatu, akarudia. “Ndaga fijo,” akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza jipya ni lipi. Nikachukua bisibisi, nikafungua pikigadi, nikamwonyesha maandishi.