Kwa nini viwanda hutoka Nairobi na kusimama Athi River?

Je, wajua kwamba nchini Kenya kima cha chini cha mshahara hutegemea pia mahali mtu anapofanyia kazi? Agizo la mwaka 2022 lilimwekea kibarua wa kawaida shilingi 15,201.65 kwa mwezi jijini Nairobi, shilingi 14,025.40 katika zilizokuwa manispaa pamoja na miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru, na shilingi 8,109.90 katika maeneo mengine, kabla ya marupurupu ya nyumba.

Anayezitazama takwimu hizo angetarajia wenye viwanda wakimbilie maeneo ya mwisho, ambako mshahara ni takriban nusu. Hata hivyo, viwanda vingi vimejengwa Athi River, ndani ya Mavoko, kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Nairobi, ambako mwajiri huokoa chini ya asilimia 8 ya mshahara huo. Kinachovisukuma nje ya jiji, basi, ni ardhi zaidi kuliko ujira.

Benki au ofisi ya mawakili inaweza kupanda ghorofani na kuchuma fedha nyingi juu ya kipande kidogo cha ardhi, kwa hiyo humudu bei ambayo mwenye kiwanda hawezi. Yeye anahitaji sakafu pana ya chini, ghala, na uwanja ambamo malori yatageuzia. Ardhi inapopanda bei, mfanyakazi naye huumia kupitia kodi ya nyumba, kisha hudai mshahara mkubwa zaidi au huhamia pembezoni, Mlolongo au Kitengela. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, wakazi wa Nairobi waliongezeka kwa asilimia 40 hivi, kutoka 3,138,369 hadi 4,397,073, ilhali wa Kaunti ya Kajiado, ilipo Kitengela, waliongezeka kwa asilimia 63 hivi, kutoka 687,312 hadi 1,117,840.

Ardhi si sababu pekee. Viwanda vya saruji vilivutwa pia na reli na mawe ya chokaa ya Kajiado, na sheria ya mwaka 1990 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje ilifungua njia ya nafuu za kodi kwa viwanda vilivyo katika eneo la aina hiyo Athi River.

Kwa nini basi visiende mbali zaidi? Kwa sababu mshahara mdogo haumaanishi gharama ndogo. Mashine ikiharibika mahali pasipo na fundi wala vipuri, vibarua hukaa bure huku wakilipwa, na kontena lililotoka Mombasa huongezewa safari. Athi River iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, na fundi wa Nairobi hufika siku hiyo hiyo.

Unafuu wa ardhi ya pembezoni, hata hivyo, haujumuishi kila gharama. Tambarare za Kitengela zilikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya nyumbu kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Sasa zimekatwa viwanja na kuzungushiwa ua, na hasara ya mfugaji haimo katika bei anayolipa mnunuzi. Naliona hili kuwa kosa zito la mipango, na kulirekebisha ni vigumu, kwa kuwa Nairobi, Machakos (iliko Athi River) na Kajiado ni kaunti tatu zenye bajeti tatu, ilhali mfanyakazi mmoja anaweza kulala Kitengela, kufanya kazi Athi River na kununua bidhaa zake Nairobi.