Umeota mamba? Anza na alichokuwa anafanya

Hapa Lubumbashi, nchini Kongo, mtu akiota mnyama wa porini, chai ya asubuhi haijapoa tayari ameshapewa maana. Jirani anasema ni adui. Mchungaji anasema ni mtu wa familia. Ukifungua simu, unaambiwa mali inakuja. Mimi ni mwanasaikolojia na ndoto kama hizi huletwa kwangu mara nyingi. Msimamo wangu ni kwamba huwezi kujua mnyama wa ndotoni ana maana gani kabla hujajua ameingia usingizini mwa nani.

Mchukue mamba. Kwa kijana wa mtaa wa Kamalondo, mamba ni yule wa nembo ya klabu ya mpira ya TP Mazembe, mwenye mpira mdomoni. Kwa mzee Mubemba wa Bena Ng'andu, ukoo wa kifalme unaobeba jina la mamba, ni kama jamaa. Kwa aliyekulia kwa wavuvi, ni kifo ambacho mama alikuonya nacho kila ulipokwenda kuchota maji. Tena wapo wanaoamini kabisa kwamba mamba hutumwa na mtu. Kamusi gani ya ndoto itawatosha wote hao?

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliachana na Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, katika mambo mengi, na hili lilikuwa mojawapo. Freud alimruhusu aliyeota atoke wazo hili hadi lile, hata picha ya ndoto ibaki mbali nyuma. Jung alimrudisha kwenye picha: mnyama yuleyule, mahali palepale. Hapo namfuata. Anapoanza kukusanya hekaya za dunia nzima ili kueleza ndoto ya mtu mmoja, namwacha aendelee mwenyewe.

Nitoe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo ili mhusika asijulikane. Mama mmoja wa Katuba aliota mamba amelala mlangoni mwa jiko lake. Aliambiwa ni wifi yake anamroga, akaacha hata kumsalimu.

"Mama, huyo mamba alikufanya nini?"

"Hakuna, Dokta. Alinyamaza tu. Ananiangalia."

"Na wewe ulisikia nini mwilini?"

Alifikiri. Hakuwa na woga, akasema. Alikuwa na hasira, kwa sababu bukari, yaani ugali, ilikuwa motoni na hawezi kupita.

Jibu hilo lilinifaa kuliko mamba mwenyewe. Watu wengi husimulia mnyama na kusahau hisia, kumbe hisia ndiyo sehemu ya ndoto ambayo wanaotafsiri hawawezi kukubunia. Nikamwuliza anajua nini kuhusu mamba wa kweli. Akasema anaweza kukaa kimya majini muda mrefu, watu wakadhani ni gogo. Kisha nikamwuliza ni nani katika maisha yake amekaa kimya namna hiyo. Nilitegemea atamtaja wifi. Akasema, "Ni mimi." Kaka zake walikuwa wanagawana parseli, yaani kiwanja, ya marehemu baba yao, naye katika kila kikao alikuwa amenyamaza.

Je, ndoto ilimaanisha hivyo? Siwezi kuapa. Sayansi ya usingizi haijathibitisha kwamba kila ndoto inabeba ujumbe, na homa ya malaria au dawa ya malaria kama mefloquine zinaweza kuleta ndoto za ajabu bila kuhitaji siri yoyote ya moyoni. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Ninachopima mimi ni kama maana aliyoipata mtu inamsaidia kuishi na watu wake. Maana ya kwanza ilimgombanisha na wifi. Ya pili ilimpeleka kikaoni akiwa na la kusema.

Kuna ndoto nisizozigusa kwa njia hii. Mtu aliyeona ndugu yake akichukuliwa na mamba, kisha akaota mamba kila usiku, hana fumbo la kufumbua. Hiyo ni kumbukumbu inayomuumiza. Huyo tunamsaidia kuandika ndoto upya mchana, akiipa mwisho anaoutaka mwenyewe, halafu anaupitia akilini kila siku akiwa macho. Kwa wengi, jinamizi hupungua. Ikiwa ni wewe, tafuta mtaalamu wa kukusindikiza, wala usianze na tukio lenyewe: anza na ndoto iliyo nyepesi zaidi.