Ulaya wakisogeza saa, ya kwako usiiguse

Ikipita Jumapili ya mwisho ya Machi, siku Ulaya wanaposogeza saa zao mbele kwa saa moja hadi Oktoba, Jumatatu yake simu yangu haipoi. Ofisi za utalii kuanzia Sakina hadi Njiro zinauliza jambo lile lile: "Fundi, Wazungu wamebadilisha saa, na sisi tusogeze mbele au nyuma?" Wanaouliza nawashukuru. Wanaonitia wazimu ni wale wasiouliza: wanaingia kwenye mipangilio, wanazima muda wa kiotomatiki, wanasogeza saa kwa mkono, halafu katikati ya wiki wananipigia kwamba mfumo umegoma.

Usisogeze. Tanzania tuko UTC+3 mwaka mzima, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, basi.

Ndani kabisa, mfumo wa kompyuta haujui saa ya Arusha wala ya Berlin. Unahesabu muda kwa UTC, na kinachoonekana kwenye kioo ni UTC pamoja na saa za eneo ulilochagua. Ukibadilisha eneo, umebadilisha maonyesho tu. Ukisogeza saa na kuacha eneo lilivyo, umeidanganya mashine kuhusu UTC yenyewe, na UTC ndiyo inayotumika kuelewana na mashine nyingine duniani. Ukiwa unatengeneza namba za siri za kuingilia akaunti kwenye kifaa hicho hicho, zile zinazobadilika kila sekunde 30, zitakataliwa. Kwenye ofisi yenye seva ya domeini (kompyuta kuu inayothibitisha watumiaji wa ofisi), tofauti ikizidi dakika 5 unaweza kunyimwa kuingia. Saa nzima je?

Sasa hilo eneo. Kwenye orodha ya Windows hakuna Dar es Salaam. Kuna Nairobi, na ndiyo yetu. Wapo wanaoikataa kwa uzalendo, sitanii. Wanaangalia mji wowote ambao saa yake inalingana na ya ukutani, wanachagua Athens au Cairo. Kama ni Julai, mambo yanakwenda vizuri kabisa, kwa sababu huko wako kwenye saa za majira ya joto na wamefika UTC+3. Mwishoni mwa Oktoba wanarudi UTC+2, kompyuta inachelewa saa nzima, na mimi naambiwa ni virusi. Mwingine kachagua Moscow. Leo ni UTC+3 kweli, lakini kuanzia 2011 hadi 2014 walikuwa UTC+4. Kuchagua mji ni kukubali maamuzi ya serikali yake, ya leo na ya kesho.

Maamuzi hayo yanaingia kwenye kompyuta kwa masasisho. Misri ilirudisha saa za majira ya joto 2023, wakati Windows 7 ilishaacha kuhudumiwa. Mashine yenye Windows 7 kuhusu Cairo itakudanganya bila hata kujua.

Kinachozua ugomvi zaidi ni vikao. Wakala wenu wa Hamburg ameweka kikao cha kila Jumanne, 10:00 kwa saa zake. Wakati wa baridi, kwetu ni saa sita mchana. Aprili kalenda inakionyesha saa tano asubuhi, na dada wa bukingi anaapa kompyuta imeharibika. Haijaharibika! Kikao ni cha aliyekiweka. Yeye hajahama 10:00, ni nchi yake iliyohama. Mngekiweka ninyi kwa saa za hapa, angehangaika yeye. Hili ndilo swali la kuulizana kabla ya kugusa chochote: kikao hiki ni cha saa za nani?

Na msikariri kwamba "Marekani ni saa nane". New York tumewatangulia kwa saa 8 wakati wa baridi, 7 wakati wa joto. Wao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo katikati kuna wiki mbili au tatu ambazo hesabu yako ya London haikusaidii kwa New York. Sehemu kubwa ya Arizona haibadilishi kabisa. Muulize mteja yuko mji gani.

Ndege msizipigie hesabu. Muda wa kutua KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ulioandikwa kwenye tiketi ni wa hapa hapa. Dereva aende hivyo hivyo.

Nikiri jambo moja: kikao cha mwakani sina namna safi ya kukilinda. Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kuachana na mtindo huu ifikapo 2021, na serikali zao hazijaafikiana hadi 2021 ikapita. Siku wakiafikiana ghafla, kalenda zilizohifadhi UTC zitakosea kwa saa nzima. Zilizohifadhi mji na saa zitakuwa sahihi baada ya kusasishwa, kama zitasasishwa. Mimi kwenye maelezo naandika kabisa "10:00 ya Berlin". Ni ujanja wa karatasi, lakini umenifaa kuliko programu.

Na kama kila umeme ukikatika kompyuta ya mezani inarudi miaka ya nyuma na kila tovuti inadai si salama, hapo Ulaya hawahusiki. Ni ile betri bapa ndani, CR2032. Nunua mpya, weka, kisha washa muda wa kiotomatiki.