Je, wajua? Ubongo ukishuka shingoni, tundu halizibwi, linapanuliwa

Shangazi yangu alirudi na majibu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, yanayosema tonsili zake zimeshuka milimita 9. Nyumbani tukaelewa tunavyojua sisi: tonsili ni za kooni, zikisumbua zinakatwa, mtu anakula aiskrimu siku mbili, basi. Kumbe hizi zilikuwa za ubongo. Ubongo mdogo, ule ulioko kisogoni unaoratibu mwendo na mizani ya mwili, una vinundu viwili kwa chini ambavyo wataalamu wa zamani waliviona vinafanana na vya kooni, wakavipa jina hilohilo bila kutufikiria.

Niliposikia kwamba vimepenya kwenye tundu lililo chini ya fuvu, nikahamia kosa la pili, na hili nilikaa nalo muda mrefu. Nikasema hiyo ni ngiri ya kichwani. Kwenye ngiri, utumbo unapenya mahali palipo dhaifu, daktari anaurudisha ndani, anashona au anaweka wavu, anaziba. Kwa hiyo hapa atausukuma ubongo juu na kuziba tundu. Nilimweleza hivyo hata shangazi mwenyewe, kwa kujiamini kabisa.

Daktari wa upasuaji wa ubongo hufanya karibu kinyume cha kila nilichosema. Hausukumi ubongo. Tundu haliwezi kuzibwa, maana ndimo ubongo unamoungana na ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa neva unaoshuka ndani ya uti. Yeye analipanua. Anafungua kisogo kwa mstari wima hadi shingoni, anatenganisha misuli, anachonga mfupa wa ukingo wa tundu eneo la sentimita chache tu, na mara nyingi anaondoa pia upinde wa nyuma wa pingili ya kwanza ya shingo. Mfupa huo haurudishwi. Misuli minene ya kisogo ndiyo inayobaki kuwa mlinzi wa mahali hapo. Akiondoa mfupa mwingi kupita kiasi, ubongo mdogo unaweza kulegea na kuteremka zaidi, hivyo kupanua nako kuna kiasi chake.

Nilijifariji kidogo kugundua kwamba hata daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake alikosea. Hans Chiari, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Prague, aliieleza hali hii mwaka 1891 na ikabaki na jina lake. Yeye alidhani maji yaliyojaa kichwani ndiyo yanayousukuma ubongo chini. Hali hii ina aina zaidi ya moja, na kwa ile ya kwanza, ya shangazi, vipimo vya baadaye vilionyesha jambo jingine: kwa wagonjwa wengi chumba cha nyuma cha fuvu chenyewe ni kidogo. Ubongo ni wa kawaida, nyumba ndiyo finyu, na kilichokosa nafasi kimetokea mlangoni.

Lakini kusimama mlangoni kunaleta shida gani? Hapa ndipo penye utamu. Ubongo unaelea kwenye maji, kama mililita 150 kwa mtu mzima, yanayozunguka kichwani na mgongoni. Kila moyo unapopiga, damu inaingia, ubongo unatuna kidogo sana, na kwa kuwa fuvu halitanuki, maji kiasi hutoka kupitia lile tundu kwenda mgongoni, kisha hurudi. Tundu likizibwa na tonsili, maji hayapiti vizuri, na tonsili zenyewe zinaanza kushuka na kupanda kwa kila pigo. Fikiria pampu ya baiskeli: kile kingozi cha ndani kinachobana upepo. Pigo baada ya pigo, miaka nenda rudi, presha inasukumwa kwenye maji yaliyozunguka ugwe, na kwa baadhi ya watu katikati ya ugwe hujitokeza uwazi uliojaa maji. Namna hasa maji yanavyoingia humo bado inabishaniwa.

Ukikohoa, ukicheka sana au ukinyanyua ndoo, presha ya kifuani hufika kichwani na njia ya kuipunguza imefungwa. Ndiyo maana maumivu haya ya kichwa yanajulikana: yanapiga kisogoni papo hapo, halafu yanapoa.

Ule uwazi una kioja chake. Neva za joto na maumivu huvuka kutoka upande mmoja wa ugwe kwenda mwingine zikipita karibu kabisa na katikati, kwa hiyo ndizo zinazoumia mapema. Neva za mguso wa kawaida zimepita nyuma, zimesalimika. Shangazi alikuwa akiepua sufuria kwa mikono mitupu, anahisi kabisa kwamba ameishika, ila hahisi kwamba inamuunguza. Sisi tulimsifu kwa ugumu.

Si kila tonsili iliyoshuka ni ya kupasuliwa. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 5, ila wapo wenye zaidi ya hapo ambao hawajaumwa hata siku moja. Wanagundulika kwa bahati, MRI ikitafuta kingine. Wengine ubongo wao umeshuka kwa sababu maji yanavuja mgongoni, na hao hutibiwa mvujo, kisogo kikaachwa. Na wapasuaji wenyewe hawajakubaliana kama kuondoa mfupa kunatosha, au ni lazima kupasua na utando mgumu wa chini yake na kuushonea kiraka ili uwe mpana. Wako pia wanaozichoma tonsili kidogo kwa umeme zinywee.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba, nafasi ikipatikana, mara nyingi tonsili hurudi taratibu zenyewe kwenye umbo la mviringo, na ule uwazi wa ugweni hupungua. Maumivu ya kichwa ya kukohoa ndiyo hupona vizuri zaidi. Ganzi iliyokaa miaka huwa haina haraka ya kuondoka. Shangazi sasa anacheka bila kushika kisogo. Maji ya kuoga bado anayapima kwa mguu, kwa kuwa neva za miguu huvukia chini zaidi, mahali ambapo uwazi wake haukufika.